Mrejesho: ule mwani kwenye tangi la samaki nimeuacha

Wadau, asanteni kwa majibu. Kwa aliyepitwa: niliuliza kama mwani wa kijani ulioota kwenye mawe ya tangi langu la lita 200 niusugue wote au niuache uwe pambo. Wengi mlisema niuache kwenye mawe na kioo cha nyuma, nisafishe cha mbele tu, na taa isiwake kutwa.

Umependeza kuliko ile mimea ya plastiki niliyoing'oa, tena mbali sana. Jiwe la katikati limejaa nyuzi fupi za kijani. Maji ya chujio yakilipiga zinalala upande mmoja, na taa ikiwaka vijipovu vya hewa vinang'ang'ania kwenye ncha zake. Samaki wangu, aina ya mbuna, wanalidonoa tangu asubuhi. Si ajabu, kwao Ziwa Malawi kazi yao ni hiyo hiyo ya kukwangua mawe. Chakula cha dukani nimepunguza.

Kioo cha mbele nakikwangua kwa kadi kuukuu ya benki. Tangi nimelitoa dirishani, maana jua la Nairobi si la kuchezea, na taa sasa inawaka kwa muda wa saa 7 tu.

Aliyenionya kuhusu utando wa kijani-buluu, ulitokea kweli kwenye changarawe: unateleza, unanuka, na unabanduka kama ngozi. Huo ni bakteria, si mwani hasa. Naunyonya kwa mpira kila nikibadilisha maji, lakini bado unachungulia pembeni. Mwenye mbinu isiyodhuru konokono aniambie.