Mlioanza kusoma Kurani ukubwani, tupeane uzoefu

Wakuu, salamu. Mimi nimeshika alifu kwa kijiti nikiwa na miaka 34. Kilichonisukuma ni aibu. Palikuwa na hitima, kisomo cha Kurani nzima, zikagawiwa juzuu 30, yaani sehemu zake, kila mtu asome yake, mimi nikapewa ya 18. Nikainamisha kichwa, jirani akifunua ukurasa nami nafunua. Tulipoulizwa nikasema nimemaliza, dua ikasomwa. Sijawahi kumwambia mtu. Ninyi je?

Mama Wawili: Mimi nilisilimu ukubwani. Herufi 28 nilizijua ndani ya wiki tatu, nikajiona mwanachuoni. Kufika kwenye maneno, sizioni! Zimeunganishwa, zimekatwa mikia. Ustadhi akanipa sita tu za kukariri: alifu, dali, dhali, ra, zai na wau, kwamba hizo hazishiki inayofuata. Hapo macho yakafunguka kidogo.

Kibogoyo wa Tajwidi: Tatizo langu lilikuwa sura fupi. Nilizihifadhi kwa kusikia tangu utotoni, basi juzuu amma, ile ya mwisho, natiririka, kila mtu anadhani nasoma. Mwalimu akafunika mstari kwa karatasi, akabakiza neno moja katikati. Kimya. Ilibidi nianze sura tangu mwanzo kimoyomoyo hadi nilifikie! Akanihamisha nisikokujua, sura ya al-Baqara, aya 286, hakuna pa kujificha.

Mwanachuo Mvi: Sisi Waswahili, wenye sauti za dhali, tha na ghaini midomoni tayari, tunajidanganya kuwa tuna nafuu. Kweli, kidogo. Ila kafu nzito ilinitesa: qalbu ni moyo, kalbu ni mbwa. Nilisoma "mbwa" miezi miwili mbele ya watoto wa miaka saba. Wanacheka, kisha wao ndio wanaonisahihisha.

Mama Wawili: Mwanachuo, kuna hadithi ya Mtume katika vitabu vya Bukhari na Muslim: anayesoma kwa kubabaika na ikimuwia ngumu ana malipo mawili.

Mwanachuo Mvi: Naijua, dada. Mwalimu wangu anaitaja, halafu anasema, "Rudia."

Mwanzilishi: Kibogoyo, huo mtihani wa karatasi nimejipa jana, nikaanguka. Juzuu ya 18 bado naihesabu deni. Nimeanzia "Qad aflaha", maneno yake ya kwanza, mistari mitatu kwa usiku, kidole juu ya kila neno. Sura ya al-Mu'minun nimeimaliza, sasa niko inayofuata, an-Nur.