Msimbo wa injekta unarudi kila ninapoufuta: ninunue injekta mpya au nizioshe zilizopo?

Msafiri_wa_Mbali: Ndugu zangu, taa ya injini imewaka, na mashine ya kupimia inaonyesha msimbo wa hitilafu ya injekta, kile kifaa kinachonyunyiza petroli. Nimeufuta msimbo mara tatu, nao hurudi siku hiyohiyo. Ninunue injekta mpya au nizioshe zote? Kazi nitaifanya mwenyewe nyumbani.

Spana_Kumi: Hujatueleza jambo la msingi: msimbo ni upi? P0203 huelekeza kwenye njia ya umeme ya injekta ya silinda ya tatu, ilhali P0303 husema silinda hiyo haichomi vizuri, na hapo kosa laweza kuwa la plagi au koili inayoipa plagi umeme. Je, petroli inanyunyizwa kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) au ndani ya silinda?

Msafiri_wa_Mbali: Samahani. Ni P0203, na inanyunyizwa kwenye manifoldi.

Injini_Safi: Zioshe kwanza. Zangu zilipooshwa, injini ilitulia kabisa.

Waya_Mwekundu: Kuosha hakuungi waya uliokatika. Kwa msimbo huohuo nilinunua injekta mpya, nikaifunga, na taa ikawaka kabla sijanawa mikono. Fundi akanishawishi kwamba kompyuta ya injini imekufa, nikanunua iliyokwisha kutumika, ambayo haikuutambua ufunguo wangu, hivyo gari likakataa hata kuwaka. Wiki ya tatu nilipofungua bomba la plastiki linalofunika nyaya, nilikuta waya mmoja umesuguliwa na kishikio cha chuma hadi zikabaki nyuzi mbili za shaba. Tafadhali pima kabla ya kununua: chomoa soketi ya injekta, upime ukinzani wa injekta yenyewe kwa multimita (kipima umeme); injekta nyingi za aina yako husoma omu 11 hadi 16.

Spana_Kumi: Au ubadilishane injekta ya tatu na ya kwanza. Msimbo ukiwa P0201, yaani ukihamia silinda ya kwanza, injekta ni mbovu. Ukibaki P0203, fuata nyaya. Ondoa presha ya petroli kwanza, na uweke pete mpya za mpira.

Msafiri_wa_Mbali: Nimepima: ya tatu ni omu 13.8, nyingine ziko kati ya 13.6 na 14. Nimegundua pia kwamba taa huwahi kurudi kwenye barabara yenye mashimo.

Waya_Mwekundu: Basi tikisa nyaya injini ikiwa inaunguruma, ukianzia kwenye soketi.

Injini_Safi: Upime tena injekta wakati injini ni ya moto, kwa maana koili ya ndani ya injekta huweza kukatika inapopata joto.

Msafiri_wa_Mbali: Nitayafanya yote mawili kesho asubuhi.