MREJESHO: Chennai hadi Tirupati kwa barabara, kwenda na kurudi

Wakuu, niliuliza: mtu aliyeko Chennai, India, afikeje hekalu la Kihindu la Tirumala, lililo juu ya mji wa Tirupati, kwa barabara, basi au teksi? Asanteni sana kwa majibu. Yaliyothibitika ni haya.

Umbali ni kama kilomita 135 kupitia Tiruvallur, Tiruttani na Puttur. Weka saa 4, maana kutoka tu nje ya Chennai kunakula muda. Mabasi mengi ya kwenda Andhra Pradesh (jimbo lenye Tirupati) yanaondokea stendi ya Madhavaram, si ile ya Koyambedu, zote za Chennai. Wengi wanapotea hapo.

Teksi iwe ya namba ya njano, yaani gari lililosajiliwa kwa biashara. Unavuka mpaka wa majimbo, kwa hiyo mkubaliane mapema nani analipa kodi ya kibali na ushuru wa barabara. Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa.

Tirupati mjini siyo hekaluni. Hekalu liko juu mlimani Tirumala, na pale Alipiri, chini ya mlima, gari na mizigo vinakaguliwa: pombe, sigara na nyama havipiti. Kupanda kuna barabara yake (ya 1974), kushuka nyingine (ya 1944), yenye kona kali 36. Muda wa kushuka unapimwa. Ukitumia chini ya dakika 40 dereva anapigwa faini, basi msimharakishe. Anayetapika akae mbele na asile kabla. Usiku wa manane barabara hufungwa, kwa hiyo tiketi ya ndege ya kutoka Chennai alfajiri inayofuata msikate kabisa. Foleni ya hekaluni haina adabu na saa.