Nampeleka mama Misri Novemba, nini cha kuona na nini cha kuogopa?

Binti_wa_Ticha

Wakuu habari za leo. Naombeni ushauri kwa waliowahi kufika Misri kwa miguu yao, sio wa kusikia. Mama yangu kafundisha historia zaidi ya miaka 30, piramidi alikuwa anazichora ubaoni kwa chaki na mto Nile anauchora toka chini mpaka juu bila kuangalia kitabu, ila hajawahi kufika. Sasa kastaafu, nimejichanga taratibu na mwaka huu namtimizia. Tunaenda wawili tu, mimi na yeye, siku 10 mwezi wa 11, Cairo, Luxor na Aswan.

Shida ni mbili. Ya kwanza goti lake la kulia linamsumbua, ana miaka 64, anatembea na fimbo, ngazi nyingi hawezi. Ya pili ndugu wametujaza hofu, mara mabomu, mara wanawake wawili peke yao mtaonewa, mara mtaibiwa mpaka viatu, na mama kaanza kusita. Naomba kujua ukweli, cha kuogopa kweli ni kipi na kipi ni maneno tu. Na sehemu zipi atafika bila kuteseka.

Msafiri_Mzee

Binti hongera sana, hilo unalomfanyia mama ni kubwa. Mwambie asisite.

Mimi nimeenda mara 3. Njia ya watalii ya Cairo, Luxor na Aswan ina polisi kila kona, kuna polisi maalum wa utalii, namba yao 126, gari la wagonjwa 123, ziandike kwenye karatasi mama awe nayo mfukoni maana simu huzima. Sehemu za kutogusa zipo, Sinai ya kaskazini na jangwa la magharibi bila kibali msiende, lakini huko hamkuwa na mpango nako.

Kilichonitisha mimi Misri ni magari. Cairo unafika barabara ya njia nne au tano, taa hakuna au ipo na haifuatwi, gari haisimami. Wenyeji wanavuka kwa mwendo ule ule, hawakimbii hawasimami katikati, dereva anakukadiria anakupita. Ukishtuka ukarudi nyuma ndo unagongwa. Kwa mama mwenye fimbo hapana, panda gari hata kama unakokwenda unakuona ng'ambo ya barabara, nasema kweli kabisa, usione aibu kulipia gari kwa kuvuka barabara. Na safari ndefu za barabarani usiku achana nazo, Cairo mpaka Luxor pandeni ndege au treni.

Halafu jua. Novemba ni mwezi mzuri, mmechagua vizuri, ila Luxor mchana bado linachoma na kule kwenye makaburi ya wafalme ni bonde la mawe meupe, hakuna mti, joto linakupiga toka juu na linarudi toka chini. Maji ya chupa na uangalie kizibo kama hakijafunguliwa, ya bomba msinywe.

Dawa za goti: kama mama anatumia dawa ya maumivu yenye tramadol USIBEBE. Kule inahesabiwa na dawa za kulevya, watu wamefungwa jela kwa hiyo. Muulizeni daktari ampe kitu kingine na cheti chake mbebe. Na kadi ya homa ya manjano msisahau, kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo wanaiuliza.

Zuhura_K

Dada yangu nimesoma hii post mpaka mwisho kwa sababu ya huyo mama na chaki yake. Mimi nilienda peke yangu wiki mbili kwahiyo la wanawake naweza kulijibu.

Kuonewa kwa maana ya kupigwa au kukabwa mimi sikuona. Kusumbuliwa kwa maneno kupo na kunachosha, wanakuita toka mbali, habibti (mpenzi), njoo, bei nzuri, unatoka wapi. Ukijibu hata neno moja la heshima anakufuata mita 200. Sisi tumelelewa kusalimia kila mtu na hapo ndo pagumu, ila lazima ujifunze kusema "la, shukran", yaani hapana asante, bila kusimama na bila kumwangalia usoni, basi. Mama yako nadhani atasumbuliwa kidogo kuliko wewe, watu wa kule wanaheshimu sana mtu mzima, mimi nimeona kijana ananyanyuka kwenye treni ya chini ya ardhi kumpisha bibi hajaombwa. Kwenye hizo treni kuna mabehewa ya wanawake tu, pandeni hayo. Nguo zinazofunika mabega na magoti, na mtandio kwenye begi kwa ajili ya misikiti.

Sasa goti. Bonde la Wafalme tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu na unachagua mwenyewe yapi kati ya yaliyo wazi siku hiyo, hapo watu wengi wanakosea wanaingia lolote lililo karibu. La Ramesses IV ni karibu tambarare, unaingia kama unaingia kwenye ukumbi na rangi zake bado zipo, bluu na njano kama zimepakwa juzi. La Ramesses IX nalo si baya. La Thutmose III msijaribu, ngazi za chuma zinapanda kwanza mlima halafu zinashuka shimoni. La Tutankhamun lina tiketi yake pembeni, ni dogo, ngazi zipo ila fupi, na yeye mwenyewe, yaani maiti yake, yumo humo ndani mpaka leo, kaburi lilifunguliwa 1922. Toka getini mpaka makaburini kuna kigari cha umeme, mpandeni.

Na sasa hili ni la Ticha hasa. Hekalu la Hatshepsut, yule farao mwanamke, halina ngazi ndefu, lina mteremko mpana. Apande ule wa kwanza tu, akifika juu aende mkono wa kushoto, nyuma ya nguzo, ukutani kumechongwa safari ya watu wake kwenda nchi ya kale ya Punt. Nilikaa pale karibu saa nzima. Utaona merikebu zinapakiwa, nyumba za watu wa Punt zimejengwa juu ya nguzo na ngazi ya kupandia, na wanaume wanabeba miti ya manemane mizima mizima na mizizi yake kwenye vikapu, wameitundika kwenye mpiko begani kama watu wanavyobeba mzigo mzito mpaka leo. Watafiti wengi wanaiweka Punt huku kwetu, upande wa pembe ya Afrika. Miaka karibu 3,500 na vidole vya miguu vya wabebaji unaviona. Ukuta umefifia, nendeni asubuhi jua likiwa la chini, mchana huoni kitu.

kaka_Juma

Niongezee la hela maana mimi ndo lilinipata. Siku ya kwanza Cairo nimelipa teksi ya barabarani, nimetoa noti ya pauni 50, dereva kaishika kageuka kidogo halafu ananionyesha noti ya piasta 50 anasema umenipa hii. Zinafanana kwa rangi ya haraka haraka usiku, mimi mgeni nikaomba msamaha nikatoa nyingine. Nimefika hotelini ndo akili inanirudia. Piasta 50 ni nusu pauni! Toka hapo kila noti naitaja kwa sauti namwekea mkononi, "hamsini", nao wanaelewa maana wao wanasema khamsin.

Jifunzeni namba zao, ni dakika kumi tu na itawasaidia kuliko kitu chochote. Kwenye noti upande mmoja kuna namba zetu, ila bei za dukani na namba za magari ni za kwao. Tano yao ni kiduara kama sifuri yetu, sifuri yao ni nukta, sita yao inafanana na saba yetu, saba ni kama V na nane ni hiyo V imepinduliwa. Mkiita Uber mnalinganisha namba ya gari kabla hamjapanda, na bei ya kwenye simu ndo hiyo hiyo hakuna kubishana. Kwa mama ni bora kuliko teksi.

Ngamia pale Giza, kwenye piramidi: bei ya kupanda ni rahisi, mkiwa juu ndo wanawaambia kushuka ni bei nyingine. Mimi nasema kwa mama mwenye goti asipande kabisa, ngamia akiinuka anainua nyuma kwanza unatupwa mbele, akilala hivyo hivyo.

Binti_wa_Ticha

Jamani Mungu awabariki, nasoma kwa sauti na mama yupo hapa. Ya tramadol mmetuokoa, anayo kweli kwenye dawa zake, kesho tunaenda kwa daktari. Maswali yaliyobaki: ndani ya piramidi kubwa ataweza? Na mnashauri tukodi mwongozaji au twende wenyewe?

Zuhura_K

Ndani hapana dada. Kile kinjia kinachopanda unainama kabisa, kuna hewa nzito, mbele yako watu nyuma yako watu, huwezi kugeuka. Juu kabisa ni chumba cha mawe meusimeusi na sanduku la jiwe lisilo na kifuniko, hakuna maandishi hakuna picha. Uzuri wa piramidi upo nje, asimame chini yake aguse jiwe moja la chini, linamfika kifuani, na hapo akumbuke kuwa yapo kama milioni 2.3. Kupanda juu yake ni marufuku na ni jela.

Akitaka kuingia kaburi la watu wa zama hizo hizo bila ngazi, mpeleke Saqqara, karibu na Cairo, kwenye kaburi la Mereruka, lipo usawa wa ardhi, vyumba vingi, kuta zimejaa uvuvi, viboko, ng'ombe wanavushwa mtoni. Hapo hapo ataiona piramidi ya ngazi ya Djoser, ambayo nina uhakika alishaichora.

Msafiri_Mzee

Mimi na Zuhura tunapatana hapo. Mwongozaji nasema kodini kwa Luxor na Giza, mwenye kitambulisho cha serikali, hotelini watawaonyesha. Akiwepo yeye wale wauzaji hawasogei.

kaka_Juma

Mzee kwa heshima, napingana kidogo. Giza sawa. Luxor mwongozaji wangu alitupitisha kwenye hekalu dakika 40, halafu masaa mawili kwenye duka la "papirasi", zile karatasi za kale za matete, ambalo ni la shemeji yake. Mwalimu wa historia wa miaka 30 anataka asimame asome ukuta, hataki kuharakishwa. Kodini dereva wa siku nzima mkubaliane bei na sehemu kwa maandishi, na mumwambie maduka hapana. Papirasi nyingi za barabarani ni majani ya migomba, ya kweli ukiiinua kwenye mwanga unaona vipande vimepishana kama mkeka.

Msafiri_Mzee

Hilo la maduka ni kweli, nimelipitia pia. Basi mwongozaji Giza, dereva Luxor, nakubali.

Vingine vya haraka. Yule mlinzi ndani ya kaburi anayekuita kwa kidole upite kamba uone "siri" anataka bakshishi, na ukipita kamba kosa ni lako. Bebeni noti ndogo ndogo, pauni 5, 10, 20, hata chooni mtazihitaji, na karatasi za chooni bebeni zenu. Tiketi za sehemu nyingi siku hizi ni kwa kadi ya benki tu, hela taslimu hawapokei. Droni msibebe, inachukuliwa uwanja wa ndege. Msipige picha wanajeshi na vituo vyao. Mtu akiwauzia "kitu cha kale kimetoka kaburini" kikiwa feki mmeibiwa, kikiwa cha kweli mtakamatwa nacho.

Aswan mpaka Abu Simbel, kwenye mahekalu ya Ramesses II, ni kama km 280, magari yanaondoka alfajiri sana, kwa goti ni muda mrefu kukaa, kama hela inaruhusu pandeni ndege. Yale masanamu yalikatwa vipande yakahamishwa juu kati ya 1964 na 1968 yasizame kwenye ziwa la bwawa jipya, mama analijua hilo bila shaka. Na mkipanda mashua Nile msitumbukize miguu penye maji yaliyotulia na majani, kuna kichocho.

Binti_wa_Ticha

Ahsanteni mno. Mama kasikiliza yote kimya, tulipofika pale kwenye Punt akaniambia rudia. Nikarudia. Kasema alikuwa anawafundisha Hatshepsut alileta manemane toka Punt, ni mstari mmoja kwenye kitabu, watoto wanakariri wanaendelea, na hakujua kuwa kuna ukuta mtu anaweza kwenda akawaona hao wabebaji. Sasa hataki kuanza na piramidi, anataka tuanze Luxor. Nabadilisha ndege leo, Luxor siku 4 badala ya 3. Kusita kumeisha.

Zuhura_K

Siku 4 ni sawa kabisa. Laleni ukingo wa magharibi, sio mjini, mtakuwa karibu na Hatshepsut na hamtavuka mto kila asubuhi. Muwe getini saa 12 asubuhi linapofunguliwa, mabasi makubwa yanaanza kuingia baadaye. Na mbebee mama kistuli cha kukunja, pale mbele ya ukuta hakuna pa kukaa.