Naomba ushauri: nikizime kidhibiti cha kuteleza au nikiache?

Wakuu, habari za jioni. Niko Nakuru, nina miaka 14 barabarani. Gari langu ni silinda 6, lita 2.5, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Lina kidhibiti cha kuteleza (traction control), ule mfumo unaopunguza nguvu magurudumu yakianza kuteleza.

Wiki iliyopita nilikuwa naelekea Kericho, mvua tangu Molo hadi Mau Summit. Nikatoka nyuma ya lori la mbao nilipite. Kukanyaga mafuta tu, ile taa ya kigari chenye mistari ya kuteleza ikaanza kumetameta na nguvu zikakatika kama sekunde mbili. Mbele matatu inakuja. Nilirudi nyuma ya lori mikono ikitetemeka.

Rafiki yangu aliyewahi kushiriki mbio za magari anasema dereva mzoefu hakihitaji. Hata Formula 1 ilikipiga marufuku tangu 2008. Sawa, lakini kule hakuna punda wala boda anayekatiza barabara, na mimi hubeba mke na watoto wawili.

Fundi amepima kwa kompyuta, hakuna kosa. Upepo ni 32 kote, alainmenti imefanywa. Tairi za nyuma zina mwezi mmoja, za mbele zimeisha kiasi.

Naombeni mnijibu: kwenye lami iliyolowa, kuna wakati kukizima kunasaidia kweli, ukiacha kujinasua matopeni? Na je, tairi mpya nyuma na kuukuu mbele zinaweza kukifanya kikate nguvu mapema hivyo? Jumamosi narudi njia hiyo hiyo.