Tofali la marudio ya mgodi: jepesi, lakini linakunywa maji

Fundi_Tanuri
Habari wakuu. Huu ni mwezi wa tatu nahangaika na marudio ya mgodi wa dhahabu, lile tope la kijivu linalobaki mawe yakishasagwa na kuchenjuliwa. Nataka tofali jepesi la ukutani. Nachanganya marudio sehemu sita, udongo wa mfinyanzi tatu, maranda yaliyochekechwa moja. Nafyatua, nakausha kivulini wiki mbili, nachoma hadi nyuzi 950. Linatoka jepesi kweli, ila nikilivunja nakuta kiini cheusi kama mkaa. Nikilitumbukiza majini linatoa mapovu dakika nzima, na likilala humo hadi asubuhi uzito umeongezeka karibu robo. Pembe zinamung'unyika kwa kidole. Nakosea wapi?

Mchoma_Keramiki
Mkuu, kazi yako ni nzuri, ila kwa njia hiyo hufiki. Maranda yakiungua yanaacha matundu yanayofungukiana, hili linamwagia lile. Maji yatapita tu.

Kiini cheusi ni kaboni iliyokosa hewa. Umepandisha moto haraka. Kati ya nyuzi 400 na 800 nenda taratibu sana, tofali lipumue. Wakati wa kupoza pia usiwe na haraka ukikaribia 573: hapo chembe za kwatzi, yale madini magumu ya mchanga, husinyaa ghafla, na marudio ya dhahabu mara nyingi yamejaa kwatzi. Nyufa nyingi zinazaliwa hapo.

Ukitaka matundu yaliyofungwa, gesi itoke wakati tofali limeshalainika ndani. Weka silikoni kabaidi, ule unga mgumu wa mawe ya kunolea, isizidi sehemu moja kwa mia, tena usagwe laini. Kwenye nyuzi 1100 hadi 1200 fedispa, madini ya mawe yanayoyeyuka mapema, iliyomo kwenye marudio inayeyuka na kunata kama ulimbo, huku kabaidi ikishika oksijeni na kutoa gesi. Povu linanaswa humo humo. Moto ukipungua, halivimbi. Ukizidi, mapovu yanaungana. Mimi nilichoma vipande vya mchanganyiko mmoja: cha 1140 kilitoka na matundu kama vichwa vya pini, cha 1180 kikawa na pango moja la kuingiza ngumi, na kimegandana na rafu ya tanuri. Tangu siku hiyo rafu naipaka kaolini, ule udongo mweupe, isigandane.

Tofali la kawaida la kuchoma lina kama kilo 1,800 kwa mita ya ujazo. Hili likishuka chini ya 1,000, na matundu yamefungwa, linaelea. Litumie kugawa vyumba na kuzuia joto, usilibebeshe ghorofa.

Mpima_Madini
Samahani naingilia. Hayo marudio yalichenjuliwa kwa kutumia kitu gani? Kama ni zebaki, ndugu yangu, zima tanuri leo. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, mvuke wake hauonekani wala haunuki. Hata 950 ulizochoma zilitosha kuitoa. Aseniki, sumu iliyomo kwenye baadhi ya mawe ya dhahabu, nayo inaweza kutoka na moshi. Na ukiona vimeta vya pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, tegemea gesi ya salfa.

Kinachobaki ndani ya tofali, kioo kilichoyeyuka kinaweza kukifunga, lakini usiamini kwa macho. Saga kipande, kiloweke kwenye maji yenye asidi kidogo, hayo maji yapimwe maabara.

Fundi_Tanuri
Nimesoma nikakaa chini. Aliyeniuzia alisema tu "ni mchanga safi". Tanuri liko hatua kumi kutoka dirisha la chumba wanacholala vijana wangu wawili wa kazi. Leo nimewahamisha, lundo nimelifunika turubai. Sampuli nichote wapi, juu tu inatosha?

Mpima_Madini
Umefanya vyema. Juu tu haitoshi. Chembe nzito huzama karibu na pale tope lilipomwagwa, nyepesi husafiri mbali. Chimba sehemu nane hivi, juu, katikati na chini, changanya, kisha gawa mafungu manne, bakiza mawili yanayokabiliana, changanya tena, rudia hadi ubaki na kilo moja. Vaa glavu na barakoa. Na wewe na hao vijana mwoneni daktari, mwambieni mlichokuwa mnachoma, mpimwe mkojo.

Fundi_Tanuri
Kesho asubuhi tunaanzia hospitali. Majibu ya maabara yakitoka nayaleta hapa.