Naomba ushauri: mwanangu wa miaka 4 atafanyiwa upasuaji wa ngiri

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mama, mkazi wa Nansio, Ukerewe. Mwanangu amepangiwa upasuaji wa ngiri katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, na kwa kuwa safari yetu ni ya meli, tutavuka siku moja kabla na kulala kwa shangazi yake, Nyakato.

Daktari ameeleza kwamba asile chakula kwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, ingawa maji matupu anaruhusiwa hadi saa 2 kabla, kwa sababu tumbo likiwa na kitu anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Hilo nimelielewa. Kinachonisumbua ni namna ya kumwambia. Bibi yake anasema tumfiche mpaka siku yenyewe, lakini mimi naona kwamba mtoto aliyedanganywa atawaogopa wauguzi hata wakati wa kubadilishiwa bandeji.

Mliowahi kuuguza mtoto wodini, mlimweleza lini na kwa maneno gani? Mlimtulizaje alipolilia chai alfajiri? Na mbali na khanga, kadi ya bima na kigari chake cha kuchezea, ni kitu gani mlijuta kukiacha nyumbani?